Kifuniko cha Mama

Jumamosi iliyopita nilishuka mjini kununua nywele za kusuka, na miguu ikanipeleka yenyewe, bila kuniuliza, mpaka kwenye lile jengo la kona jirani na stendi ya teksi. Dirisha la Gogo, yule muuza kota, halipo tena. Sasa pana kijana anayetengeneza simu. Lakini harufu, rafiki yangu! Achari ya embe na mafuta ya chipsi, kutoka sijui wapi. Nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kijani ikawaka mara tatu, na mimi sivuki.

Kama hujawahi kula kota, pole sana. Ni robo ya mkate, inachimbwa katikati kwa kisu, shimo linajazwa chipsi za moto, kipande cha poloni, ile soseji nene, yai, jibini, na achari ya kukuwasha mpaka masikio. Ile nyama ya mkate iliyochimbwa inarudishwa juu, ndiyo kifuniko. Kwa Gogo foleni ilizunguka kona. Huku, kwa Kizulu, kila bibi ni gogo, na huyu, mwenye duka, hakuna aliyejua jina lake. Yeye naye majina yetu hakuyataka. Aliita watu kwa kazi zao: "Askari wa benki! Fundi viatu! Mtoto wa msusi!"

Mtoto wa msusi nilikuwa mimi. Mama alisuka kando ya barabara, kiti cha plastiki na mwavuli, vidole vikinuka mafuta ya nywele hata siku ya kanisa. Tulitoka Bukavu mimi nikiwa mgongoni. Kila Jumamosi mchana alinituma kota moja ya watu wawili, na yeye akachukua kifuniko tu. "Miye napenda hii ya ndani, ni laini," alisema, na mimi mjinga nikaamini. Gogo hakuambiwa na mtu, aliona mwenyewe nikimtengea mama kifuniko. Akawa anakichovya kifuniko kwenye achari, anakifunga kando na karatasi yake.

Halafu ukaja ule mwaka wa maneno mabaya. Maduka ya wageni yalifungwa mapema, na kwenye foleni watu waliulizana kwao ni wapi. Mimi sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na miaka tisa na Kizulu changu kilikuwa cha mtu aliyezaliwa hapa. Jumamosi hiyo wanaume wawili mbele yangu walikuwa wakisema wageni waondoke kwa heri au kwa shari. Mama alikuwa amesikia fununu huko kwenye kiti chake, akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akanifuata mbio. Kutoka kwenye kona akaniita kwa Kiswahili, kwa sauti yake yote: "Mutoto wangu, toka hapo, twende!"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamume mmoja akaniinamia akaniuliza, "Huyu mama ni wako?"

Nikasema, "Simjui."

Kwa Kizulu kilichonyooka, bila hata kumeza mate. Mama hakukijua sana Kizulu, lakini hilo alilielewa. Alinitazama kidogo, akakaza kitenge chake, akatupita polepole kama mtu aliyekosea njia. Hawakumgusa.

Zamu yangu ilipofika, Gogo hakuniita mtoto wa msusi. Aliinama dirishani, akaniita mjukuu wake mbele ya wale wanaume, akaniwekea kota mkononi. Kisha akanipa na ile karatasi ndogo, akaninong'oneza, "Na hiki ni cha yule usiyemjua."

Nyumbani mama alikaa kitandani akakila kifuniko chote, taratibu. Nilikuwa nangoja fimbo. Akajifuta vidole, akasema, "Ulifanya muzuri. Kesho wakikuuliza, sema vile vile."

Laiti angenichapa! Fimbo huisha kuuma. Tangu siku hiyo, tukiwa barabarani, alitembea hatua chache nyuma yangu, kama watu waliokutana tu njiani, na alinikataza kugeuka. Nilimjua kwa kandambili zake, pata, pata, mpaka mlangoni. Tulitembea hivyo hata maneno yalipopoa, hata nilipokuwa msichana mkubwa. Sikuwahi kumwomba radhi. Baadaye alirudi Bukavu, akazikwa huko, na mimi nilikuwa hapa nasubiri karatasi za kusafiria. Maji yakimwagika hayazoleki. Na kandambili zile bado nazisikia, nikitoka kazini, nikitoka kanisani, na sigeuki.

Basi Jumamosi niliifuata ile harufu. Mtaa wa pili yupo dada mmoja na dirisha lake, foleni ndefu kama zamani. Nikaagiza kota, nikamwomba kifuniko akifunge kando. Akauliza, cha nani? Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, foleni nzima isikie: "Cha mama yangu!"

Hakuelewa neno. Akacheka, akakifunga. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Nikaondoka na karatasi yangu mkononi, ya moto bado. Sikufika mbali, nikazisikia nyuma yangu, pata, pata. Safari hii niligeuka. Watu walikuwa tele, na hapakuwa na hata mmoja niliyemjua.