Chuo Kisichopoteza Mwanafunzi

Bwana Ngeleja, mkuu wa chuo kimoja hapa Bariadi, hajawahi kupoteza mwanafunzi. Namaanisha kwenye takwimu zake. Pamba ikiuzwa, wanajiandikisha mia mbili. Ada ikiwashinda, wanarudi Kasoli na Ipililo kulima, na yeye anaendelea kuwahesabu. Ng'ombe wake kule Shishiyu huwahesabu jioni wakirudi zizini, tena mmoja mmoja kwa rangi. Watoto wa watu huwahesabu wakiingia tu. Wakitoka anaangalia pembeni.

Juzi kwenye mahafali walihitimu thelathini. Akasimama na tai yake, akawatangazia wageni: "Hapa hakuna aliyeacha masomo. Wengine wote wanaendelea!" Wakampigia makofi, watu wazima na akili zao.

Kisha akaenda kupakuliwa pilau. Aliyeshika mwiko alikuwa Felisita, aliyeacha chuo hicho hicho mwaka wa kwanza, sasa ni mama ntilie. Hakumtambua hata kidogo.

"Unapika vizuri, dada," akamwambia. "Ungesoma ungefika mbali."

Felisita akamwekea ukoko.

"Nasoma, mkuu. Hapa hapa kwako. Si umesema hakuna aliyeacha?"