Kitambaa cha Risasi cha Gaudrillier

Anselme Firmin Gaudrillier, mwana wa Firmin mzoa mavi ya farasi, mjukuu wa Baptiste aliyekufa kwa teke la farasi, bingwa wa wapanda farasi wa Ufaransa mara kumi na moja, mshindi wa mbio elfu tatu na ushei, alivunjika mtulinga mara sita, na hakuna mtu wa Chantilly, mji wake wa farasi, aliyempelekea ua hospitalini hata siku moja. Naye hakulitaka.

Aliyemchukia kupita wote ni mkufunzi Hubert Vasselin. Anselme aliwahi kusema mbele ya watu kwamba farasi wa Vasselin wanashibishwa kuliko wanavyofunzwa. Basi miaka tisa hawakupeana mkono.

Alipofika miaka arobaini na sita, mbio kubwa za pale nyumbani alikuwa hajazishinda, na alishatangaza kwamba mwaka huo ndio wa mwisho. Siku tatu alikula yai moja na saladi, akajitoa jasho kwenye maji ya moto. Mwishowe alikonda kupita kipimo, ikabidi aongezwe vipande vya madini ya risasi kwenye kitambaa cha chini ya tandiko, atimize uzito uliowekwa. Mizani ikasema kilo hamsini na tano.

"Mzee," Vasselin akamwita, "magoti umekuja nayo, au umeyaacha kitandani?"

"Nimeyaleta. Farasi wako atayaona kwa nyuma."

Na kweli. Anselme, juu ya jike mwekundu Ravenelle, alimpita farasi wa Vasselin hatua ishirini kabla ya mwisho. Watu wakapiga makofi ya ncha za vidole. Walitaka aanguke.

Sasa, mpanda farasi akishuka hufungua tandiko mwenyewe, hubeba kila kitu, huenda kupimwa tena; uzito ukipungua, ushindi hufutwa. Anselme aliwafokea vijana kwa jambo hilo miaka ishirini. Lakini Vasselin alikuwa amesimama pale pale.

"Bahati ya kizee!" akasema. "Babu yako naye alimsogelea farasi kwa kiburi hivyo hivyo."

Anselme akageuka, tandiko mkononi, akamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alimjibu kwa raha, akarudia. Kitambaa cha risasi kilibaki mgongoni mwa Ravenelle. Solène Marchadour, mtunza farasi wake, akamfunika jike blanketi asipatwe na baridi, kitambaa kikafichika humo.

Mizani ikasema hamsini na tatu na nusu. Kilichoachwa mgongoni hakirudishwi. Ushindi akapewa Vasselin, naye akainua kofia yake kwa adabu kubwa, mshenzi yule.

Solène alimkuta Anselme kwenye benchi, amevaa soksi moja.

"Blanketi nililiweka mimi, bwana. Kosa langu."

"Funga mdomo. Kitambaa ni cha mpandaji."

"Walikuwa wanacheka huko nje."

"Wacheke. Mwenye jike ameniuliza nani atampanda mwezi wa kumi. Nimekutaja wewe."

"Mimi? Mimi napanda asubuhi tu, kwenye mazoezi! Hawatanikubali."

"Hawatakukubali, ndiyo. Shinda hivyo hivyo." Akamtupia mapajani kitambaa kile kizito, bado kina jasho la farasi. "Vasselin atakutukania mama yako, atakutukania baba yako. Wewe bana meno. Beba hiki mpaka kwenye mizani, upimwe. Halafu rudi umjibu, na la kwangu umwongezee."