Shamba la Kibati na Mabinti wa Riwaya Yangu

Riwaya yangu ya pili inahusu mabinti watatu wanaokwenda mahakamani kudai shamba la marehemu baba yao. Sikuificha siasa yangu humo. Naamini mwanamke ana haki ya kurithi, na naamini sheria inapaswa kumlinda mtu hata pale ambapo ndugu zake hawampendi. Wasomaji wa hapa Goma waliniuliza mengi kuhusu mahakama. Kaka yangu mkubwa aliuliza jambo moja tu: kwa nini nimemwandika yeye.

Kaka wa kwenye riwaya huwaita dada zake wageni wa kesho, yaani watu wa kuolewa na kuondoka, na kaka yangu naye husema hivyo. Nilimwambia kwamba ni maneno ya kaka wengi. Hakuridhika, akaacha kunipigia simu. Mama yetu alishafariki, hivyo ilibidi Papa, baba yetu, atuite kwake kutupatanisha Jumapili moja baada ya misa.

Tulikuwa wanne sebuleni: Papa, kaka, dada yangu mdogo na mimi. Kitabu kilikuwa mezani, kando ya sahani ya sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu.

"Soma pale baba anapokufa," Papa aliniambia.

Nikasoma. Kifo kile nilikiandika nikiwa peke yangu. Sasa nilikuwa nakisoma mbele ya baba yangu mwenyewe, akitafuna sambaza.

Nilipomaliza, Papa alifuta vidole. "Huyu muzee ni muoga. Alijua watoto watagombana, akaenda kufa bila kusema kitu. Mimi siko hivyo. Kuanzia leo, nusu ya shamba la Kibati ni ya mabinti."

Dada yangu akapiga vigelegele. Mimi nilikifunga kitabu. Nilipokuwa naandika nilikataa kabisa hadithi imalizwe na huruma ya baba. Kama haki ni zawadi ya baba mwema, mabinti wa baba mbaya wataidai kwa nani?

"Aksanti sana, Papa," nikasema. "Lakini twende tukaliandikishe kwenye ofisi ya ardhi, kwa majina yetu wote."

Kaka aliinuka. "Munaona? Analeta politiki yake mpaka ndani ya nyumba! Papa amesema. Haitoshi?"

"Yaya," nikamwita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "leo Papa anasema hivi. Kesho mwingine atasema vingine."

"Mwingine nani? Mimi?"

Nilimwona usoni kwamba ameumia. Tulipokuwa wadogo, volkano ilipolipuka, ni yeye aliyenibeba mgongoni tukikimbilia mji wa Sake. Kaka wa kwenye riwaya yangu hambebi mtu.

"Si wewe," nikamwambia. "Nasema watoto wako na wangu. Hawajuani vizuri."

Alikaa tena, akavuta sahani. Akasema, bila kunitazama, "Basi twende."

Tulikwenda. Karani alitupokea kwa heshima, akatuambia kwamba kwa sasa hati hazitolewi, turudi baadaye. Kwa vita hivi, na mji ukiwa ulivyo siku hizi, hakuna aliyeshangaa. Nilidhani kaka atafurahi. Badala yake aliwaita baba zetu wadogo na majirani wa shamba, tukapanda wote hadi Kibati, juu ya mji, na mbele yao akachimba mashimo na kupanda miti ya mpaka. Alimwonyesha kila mmoja: hapa ni pangu, pale ni pa dada zangu. Msimu huu dada yangu amepanda maharage upande wetu.

Hata hivyo sijatulia. Mashahidi huhama, na huku kwetu huhama ghafla. Kwa hiyo bado narudi ofisini kuulizia ile hati, na mara nyingine kaka hunisindikiza. Katika riwaya ninayoandika sasa yumo kaka anayepanda miti ya mpaka kwa mikono yake, na kila nikifika kwake kalamu inasimama, maana sijajua bado nimwamini kiasi gani.