Kimea Kwenye Ndoo ya Kabichi

Mume wangu alijifunza kuchachua kabichi kwa masista aliokuwa akiwapikia. Nyumbani kwetu Utemini mimi nilikuwa nakata tu. Chumvi, tangawizi, pilipili manga na binzari nyembamba aliweka mwenyewe, kisha akaifinya kabichi kwa mikono mpaka ikatoa maji yake. Alipofariki, kabichi alizopanda zilibaki bustanini. Sikutaka zioze. Nikazichachua peke yangu.

Dada yake mkubwa alikuwa bado yuko kwangu, hajarudi kwake Mkalama tangu msiba. Yeye ni mpika mtukuru, pombe yetu ya mtama, tangu usichana wake. Ndoo ilipoanza kutoa mapovu, aliinama akatega sikio.

"Wifi, umeweka chachu gani?"

"Sijaweka chachu, dada. Ni chumvi na viungo tu."

"Kinachemka chenyewe?"

"Chenyewe."

"Bila kimea, bila moto." Akanyanyuka. "Na ndugu yangu alikuwa anakula hiki?"

"Karibu kila siku."

Kuanzia hapo alikula mlenda aliouchuma na kuupika mwenyewe. Hata maji ya kunywa alichota mwenyewe. Wageni wakija kutoa pole, mazungumzo yalikatika nikitokea mlangoni. Daktari alituambia sote wawili kwamba ni ini lililomuua, naye alisikia. Lakini siwezi kusema uongo: kuna asubuhi hata mimi nilisimama mbele ya ndoo ile nikajiuliza.

Kisha nikakuta jiwe limesogezwa. Ndilo linaloikandamiza kabichi izame kwenye maji yake, na nililiacha katikati. Nikaaga kwamba naenda sokoni, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni kimya. Alikuwa amepiga magoti, mkono umo ndooni.

"Unaweka nini, dada?"

Hakushtuka. Alifungua kiganja kingine: unga wa kimea, ule wa mtama ulioota anaochachulia pombe.

"Napima. Kama ni chakula, kimea kitakipandisha. Kama ni sumu, kimea kitakufa."

"Kwa hiyo unadhani nilimuua?"

"Ningekuwa na uhakika, ningepima?"

Kesho yake povu lilikuwa limefurika mpaka sakafuni, na jiko lilinuka kama kilabu cha pombe. Alichovya kidole, akalamba.

"Kimepanda."

"Na kimeharibika. Si kabichi tena, wala si pombe."

"Pombe ya hivi ningeuza, wangenipiga," alisema, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuzike. Kisha akanisaidia kumwaga shimoni.

Baadaye alikwenda bustanini, akarudi na kabichi moja, ya mwisho. Akaiweka juu ya ubao pamoja na kisu.

"Kata. Nione."

Akavuta kigoda, akakaa karibu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Nilikata nyembamba, macho yake yakiufuata mkono wangu. Nilipofungua pakiti ya chumvi, alinyoosha mkono, akaionja kwanza yeye, ndipo akanirudishia.