Isopodi Wangu Kwenye Kiondo cha Mama Wekesa

Nikikutana na mtu wa mtaa wetu wa Jericho akaanza kucheka kabla hajanisalimia, najua ameshasikia, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe: ndiyo, mimi ndiye yule mama aliyemkimbiza mgeni wake hadi karibu na soko, leso imelegea kiunoni, nikitaka anirudishie mkebe wa chakula niliomfungia. Aibu ile siwezi kuikana. Lakini sikilizeni yote kwanza, kwa sababu ndani ya huo mkebe hakukuwa na chakula.

Mimi ni msusi, na nyumbani nafuga isopodi. (Mnawajua, wale wa kijivu wanaokaa chini ya mikebe ya maua, wana miguu mingi na ukiwagusa wanajikunja mviringo kama punje ya pilipili manga, na si wadudu hasa, ni jamaa wa kaa, msibishane nami.) Nawaweka kwenye mikebe mitupu ya aiskrimu, na udongo wenye unyevu, majani makavu na ganda la yai lililosagwa, na ubavuni nimewatobolea matundu ya hewa kwa sindano yangu ya kushonea nywele za bandia.

Sasa, kati ya hao wa kijivu akatokea mmoja wa rangi ya chungwa, jike, nikaapa nitapata mkebe mzima wa rangi hiyo. Wanawe wa kwanza wakatoka kijivu wote. Mume wangu akasema niachane nao, lakini mimi nikishika kitu huwa sisikii la mtu, nikawaweka wale wana pamoja na mama yao, nikangoja, na vitoto vilivyofuata vilipoanza kukolea rangi, baadhi vikawa vya chungwa. Nililia jikoni peke yangu kwa furaha. Hakuna aliyenifundisha, na sijaona mwingine mtaani aliye nao.

Basi zamu yetu ya kukaribisha maombi ya jumuiya ikafika. Tulikuwa tumehamia juzijuzi kutoka Njiru, na nilitaka hao akina mama waondoke wakisema kwangu ni safi. Kiongozi wao, Mama Wekesa, akikuuliza choo kiko wapi jua anataka kukagua vyumba. Kwa hivyo nikaondoa isopodi wangu sebuleni nikawaficha jikoni, kwenye rafu ya mikebe mingine ya aiskrimu, ile ninayowekea chakula. Wazo lilionekana zuri sana.

Maombi yakaenda vizuri, chapati na ndengu zikasifiwa, na wageni walipoaga nikamwambia mdogo wangu Njeri awafungie kilichobaki, maana huwezi kumwacha mgeni wa jumuiya atoke mikono mitupu. Nikawasindikiza hadi mlangoni nikijiona mtu. Niliporudi jikoni, nikakuta mkebe mmoja wa ndengu umetulia kwenye rafu, na ule wa isopodi wa chungwa haupo.

"Njeri, ule mkebe wa mwisho umepea nani?"

"Si Mama Wekesa. Nimeuweka kwa kiondo yake. Ulikuwa mzito poa, nikajua ni ndengu."

Na Mama Wekesa hula ndengu zikiwa moto. Niliona isopodi wangu wote wakimwagwa kwenye sufuria, nikatoka mbio.

Niliwakuta wote wamesimama kwa muuza mboga. Nikasema, nikihema, "Mama Wekesa, samahani, naomba ule mkebe unirudishie." (Kwetu hata chumvi uliyompa mtu hairudi.) Nilivyoona nyuso zao nikaongeza uwongo, na hapo ndipo nilipojimaliza: "Zile ndengu zimechacha."

Mama Otis, mmoja wa wageni, akafungua mkebe wake akanusa. Mwingine akaniwekea chapati zake mikononi. Wa tatu akashika tumbo, "Na mimi nilirudia mara mbili, Mama Shiro, ungesema mapema." Muuza mboga naye akaanza kuwaeleza wateja. Jina langu likawa linaoza pale pale, na Mama Wekesa bado amekumbatia kiondo chake.

"Hizi ni zangu," akasema. "Kama zimechacha nitaona mwenyewe."

Akafungua kifuniko.

Nilitamani kukimbilia soko la mbuzi la Kiamaiko nikajifiche kati yao. Lakini jua liliwapiga isopodi wangu, wakang'aa, na aibu ikanitoka, nikakasirika kwamba nimewaficha watoto wazuri hivyo. Nikasema kwa sauti, "Ndengu ni nzima. Hao nimewazalisha mimi, na rangi hiyo nimeitafuta mimi." Nikaeleza yote, kuanzia yule jike hadi ganda la yai, na hakuna aliyeondoka.

Mama Wekesa akaweka mmoja kiganjani. Yule isopodi akajikunja. Mama Wekesa akamsogeza karibu na macho.

"Kwetu kumbikumbi tunakula," akasema. "Hawa je?"

"Hawa hapana, mama."

Akamrudisha mkebeni polepole, kwa kidole kimoja.

Tangu siku hiyo nimeapa sitamfichia mgeni kitu tena, wala kusingizia chakula. Isopodi wangu wako sebuleni kando ya televisheni, na mtaani naitwa Mama Wadudu, naitika. Zamu yetu iliporudi, Njeri alianza kufunga chakula, Mama Wekesa akamsukumia kiondo.

"Mimi leo," akasema, "niwekee ule wenye matundu."