Waya Mwekundu

Sikusoma sana, kwa hiyo nikikosea jina la kitu mnivumilie. Dada yangu ndiye aliyekuwa na kichwa. Kabla hajafa alikuwa akimrekodi mama nyumbani kwetu Buzebazeba, akimuuliza mambo ya zamani kwa Kiha, na sauti zote alizihifadhi kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoenea kiganjani. Kumbukumbu yake imechomelewa humohumo, haichomoki. Baada ya msiba haikuwaka tena.

Mama hakutaka kujisikia yeye. "Nataka kumsikia akiniuliza," alisema.

Mimi ni fundi simu mtaa wa Mwanga. Fundi mwenzangu aliniazima waya wenye nyaya nne ndani, wa kuunganisha bodi na kompyuta nyingine, ili tuone kwenye kioo inasema nini inapojaribu kuwaka.

"Tumia nyaya tatu tu," akasema. "Mwekundu ni wa umeme, uache uning'inie, bodi ina chaja yake. Na hiyo mikono yako ya simu, usije ukamuua marehemu mara ya pili!"

Tulicheka. Aliniambia mara mbili, nisimsingizie.

Mama akaja, akakaa kwenye stuli karibu na meza yangu. Nikaunganisha, kioo kikabaki cheusi: waya wa kusema wa kompyuta nilikuwa nimeupeleka kwenye pini ya kusema ya bodi, hakuna anayesikia. Nikaugeuza uende kwenye pini ya kusikia, na ule wa kusikia uende kwenye ya kusema. Maandishi yakamwagika, na juu kabisa mstari aliouandika dada mwenyewe: Subiri kidogo mama, naamka.

Nikamsomea. Mama akashika ukingo wa meza.

Lakini maandishi yalifika katikati yakakatika, yakaanza upya, yakakatika. Nikajua umeme hautoshi. Simu ikizubaa hivyo sisi tunaipa umeme kwa waya mwekundu, mkono unakwenda wenyewe. Ulikwenda, ukauchomeka juu ya umeme wa chaja. Kitu kikalia kama punje ya mahindi kikaangoni, ikafuata harufu.

Labda ile kumbukumbu ilikuwa imeshakufa. Mwenzangu anasema huenda. Mimi sijui, na sasa hakuna atakayejua.

Ningeweza kumwambia mama mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

"Mama, nimeiunguza mimi."

Aliisogeza stuli karibu na kioo.

"Kale kamstari ka kusubiri," akasema, "nisomee tena."

Kalikuwa bado kwenye kioo, chini kabisa, pale bodi ilipoanza upya mara ya mwisho. Hakuna kilichokuja baada yake.