Upande wa Bonde

Ukimuuliza mtu yeyote kwenye ule msafara Mizani anafanya kazi gani, atakwambia analipwa kutazama. Walimtania hivyo miaka yote, na mwenyewe alicheka nao, maana ndiyo kweli. Dereva anaendesha, mafundi wanakaza minyororo, polisi wanafukuza magari madogo yanayojipenyeza bila adabu, na Mizani anatembea kando ya trela, upande wa mlima, macho kwenye kioo kidogo kilichofungwa ubavuni, anatazama namba. Sufuri maana yake mzigo umekaa wima. Moja, haya, twende. Mbili, anaita kwenye redio ya mkononi. Tatu, king'ora kinalia na hata wasiosali wanaanza kusali.

Msidhani ni mchezo. Safari hii mzigo ulikuwa transfoma, lidude la chuma refu kama nyumba ya ghorofa, limejaa mafuta tumboni. Dude kama hilo halianguki kwa haraka. Linainama taratibu, mnaliona, halafu linafika mahali ambapo hata mkikusanyika ukoo mzima hamlirudishi. Mizani aliajiriwa ili lisifike mahali hapo, basi.

Mdogo wake wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alitembea upande wa pili, upande wa bonde. Sakafu ya trela lile imekaa juu ya miguu ya chuma inayosukumwa na mafuta, kila upande na miguu yake, na vikono vya kuipandisha na kuishusha vyote viko kwenye sanduku moja, na sanduku lilikuwa huko kwa Kitinda. Mizani anasoma, Kitinda anapandisha.

"Mlimani kidogo."

"Mlimani, kaka."

"Basi."

"Basi, kaka."

Siku nzima ni hivyo, mwendo wa kinyonga, mpaka koo linakauka.

Mizani ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa bado mtoto wa kaptula, na Mizani akamchukua akamlea na wanawe, sahani moja, kitanda kimoja. Sasa Kitinda ameoa. Wiki moja kabla ya safari, mkewe alikuja nyumbani kwa Mizani, mja mzito, akakataa hata kukaa.

"Shemeji, nakuomba. Mtafutie mume wangu kazi nyingine. Hata ya kubeba matofali. Mimi silali."

Mizani akamcheka. "Mimi nikiwa natazama, shemeji, kitamgusa nini? Nenda kalale." Akajipiga kifua, puu! Jamani, binadamu na kifua chake!

Sasa sikilizeni alivyoharibu. Njiani magurudumu mawili yalipasuka. Wakaegesha pembeni, upande wa bonde, mahali ambapo mvua imekula ardhi pakawa pameinama. Trela likainama nalo, na king'ora kikaanza. Kililia mafundi wakifungua gurudumu la kwanza, kikalia wakifungua la pili. Dereva wao, mzee waliyemwita Babu Pole kwa sababu ya mwendo wake, akatoa kichwa dirishani.

"Mizani, mwanangu, hebu mnyamazishe huyo mtoto. Kichwa kinanipasuka."

Iko njia ya kumnyamazisha. Wanaotazama mizigo wote wanaijua na wote wamewahi kuitumia, ingawa mbele ya wakubwa kila mmoja anajifanya hamnazo. Kioo kina kitufe. Ukikibonyeza, kioo kinachukua mzigo ulivyokaa wakati ule, hata kama umeinama, na kukuambia kwamba hiyo ndiyo sufuri. Kelele inakatika. Mzigo umeinama vilevile, ila kioo kinaapa kuwa umenyooka. Unapumzika, halafu kabla ya kuondoka unairudisha sufuri ya kweli. Kabla ya kuondoka!

Mizani akabonyeza. Akakaa chini kwenye kivuli cha trela, na kwa kuwa hakuwa amelala vizuri, usingizi ukamwiba palepale. Alipozinduka, msimamizi alikuwa anafoka kwamba polisi hawatafunga barabara mpaka kiama, injini inanguruma, watu wanakimbilia nafasi zao. Naye akakimbilia yake. Habari za kitufe zilikuwa zimemtoka kabisa.

Walipopanda tena barabarani, kioo kikasema mzigo umelalia mlimani, zaidi ya mbili. Mizani hakushangaa, barabara za milimani zina vituko vyake.

"Mlimani, pandisha."

"Mlimani, kaka."

"Endelea. Endelea. Basi."

Sufuri. Safi kabisa. Kumbe wamechukua mzigo uliokuwa karibu wima wakaulaza upande wa bonde kwa mikono yao wenyewe, na Kitinda anatembea chini yake akipiga mluzi.

Wakaingia kwenye kona ndefu, mlima kushoto kama ukuta, bonde kulia halina hata kizuizi. Muda mfupi nyuma mvua ya ghafla ilikuwa imepiga ikapita, na maji yalikuwa yamebaki kwenye sakafu ya trela, chini ya transfoma. Mizani akainama kutazama mnyororo. Upande wake sakafu haikuwa na maji yaliyotuama. Akachungulia zaidi, akaona maji yote yamekimbilia kule, yanamwagika ukingoni kwa Kitinda. Akatazama kioo. Sufuri. Akatazama maji. Akatazama kioo tena.

Ndipo akakumbuka kitufe.

"Babu Pole, simama! Taratibu, kwa jina la Mungu, taratibu!"

Trela likasimama, na kusimama kwenyewe kukazidisha balaa, maana magurudumu ya nje yalikuwa yamekanyaga ukingo wa barabara uliolowa. Yakaanza kudidimia. Minyororo ya upande wa Mizani ikakazika ikalia, sauti nyembamba ya kukera meno.

"Kaka, vipi?" Kitinda akauliza kwenye redio. Yeye naye alikuwa na kioo chake pale kwenye sanduku, ndugu wa kile cha Mizani, kinachorudia namba zake. "Huku inasema sufuri."

"Inadanganya. Nilibonyeza kitufe kule tulikoegesha, sikurudisha. Mzigo umekulalia wewe."

Redio zote ziko wazi kwa kila mtu. Msafara mzima ulisikia. Msimamizi akapiga ukelele: "Tokeni! Tokeni wote!" Na watu wakatoka mguu niponye, mafundi, polisi, hata yule mnene wa bendera nyekundu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Kaka," sauti ya Kitinda ikaja, ndogo. "Nikimbie?"

Hapo ndipo ulipo msiba wote. Kitinda akikimbia, anapona. Lakini Babu Pole yuko ndani ya kichwa cha gari, mguu kwenye breki, mlango wa kushoto huko mbele umebanwa na ukuta wa mlima, wa kulia unafungukia bondeni. Trela likienda, linaondoka na kichwa na mzee ndani yake. Na hakuna mwingine wa kushika vile vikono.

"Usikimbie," Mizani akasema. "Pandisha bonde. Kidogo kidogo."

Aliyasema hayo akiwa amesimama upande wa mlima. Dude likianguka, linaangukia bondeni, yeye halimpati hata kwa vumbi. Ni maneno mepesi sana ukiyasemea upande ule.

"Kaka, naogopa."

Basi, hilo tu. Mtoto aliyemlea, na hakuwa ameomba kitu kingine. Mnyororo ukalia tena, chuma kikaguna juu ya kichwa chake, na miguu ya Mizani ikamrudisha nyuma. Hatua moja. Ya pili. Hakuiamuru, ilikwenda yenyewe, mpaka mgongo ukajibandika kwenye udongo wa mlima na hapakuwa na pa kurudi tena. Akabaki pale, redio mkononi, akamwona kwa mawazo mke wa Kitinda na tumbo lake amesimama mlangoni, hataki kukaa. Aibu ikampanda kama homa.

Akakimbia. Akazunguka mkia wa trela, akatokea upande wa bonde, ndani ya kivuli cha lile dude. Kutoka kule chini lilionekana limeshaamua. Kitinda alikuwa ameshika kikono kwa mikono miwili.

"Nipo," Mizani akasema, akamwekea kiganja mgongoni. "Achana na kioo. Tazama maji."

Maji yalikuwa yanamwagika ukingoni mwa sakafu, mkondo mzima.

"Pandisha. Basi. Liache litulie."

Ukingo ukamegeka, gurudumu moja likazama, na mzigo ukaguna mguno mrefu. "Mama yangu!" Kitinda akalia. Mizani akamshikilia.

"Pandisha tena. Usitazame juu. Mimi natazama."

"Wanangu," sauti ya Babu Pole ikasikika redioni, "mimi nimekaa tu hapa sina haraka. Polepole hivyohivyo." Hata siku ya kufa mzee yule asingeacha neno lake.

Wakapandisha, wakangoja, wakapandisha. Hakuna aliyejua ni muda gani. Mkondo ukawa mwembamba. Ukawa matone. Halafu tone moja likaning'inia kwenye ukingo wa chuma, likakaa, likakataa kuanguka. Minyororo ikanyamaza.

"Babu Pole," Mizani akasema, "sogea."

Wakatoka kwenye kona ile wakitembea wote wawili upande wa bonde, bega kwa bega, mpaka barabara ikanyooka na ardhi ikawa ngumu. Msimamizi akaja, akamtazama Mizani, akasema tu, "Tutazungumza tukifika." Mizani akajua kwamba kazi imekwisha, na wala hakuumia.

Kitinda alikaa chini palepale barabarani, akacheka, akalia, akatoa simu akampigia mkewe. Akamweleza yote, maneno yakigongana.

"Nilisema tu naogopa, mke wangu. Hata sikumaliza! Nageuka, huyu hapa kaka, kashafika. Hakusita hata kidogo, nakwambia. Mtu mwingine angebaki kule kwenye usalama wake. Ngoja, ongea naye."

Akampa simu. Mizani akaiweka sikioni.

"Shemeji," yule mwanamke akasema huku analia. "Mungu akulipe. Nilikufikiria vibaya, nisamehe. Leo nitalala."

Mizani akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale kwenye ulimi, hatua zake mbili, na alijua kwamba asipousema sasa hatausema kamwe. Kitinda alikuwa anamtazama kutoka chini, uso umelowa, anatabasamu.

"Haya, shemeji," akasema. "Lala."

Akarudisha simu. Kitinda akainuka, akamkumbatia, kisha akamgeuza kidogo akaanza kumpangusa mgongo kwa kiganja, kama mtu anavyompangusa mzee wake.

"Mbona una udongo mgongo mzima, kaka? Uliegemea wapi?"

"Nilijikwaa," Mizani akasema, "nilipokuwa nakukimbilia."